Mamba Aliyepita Juu ya Lori

Kaka Shabani,

Sijui nianze na salamu gani. Ungekuwa hai ningekuuliza umeamkaje, nawe ungenijibu, "Salama tu, Tunu, lete chai." Sasa nakuombea kaburi lako liwe na nafasi na nuru, halafu nakueleza yaliyotokea, maana kila ninayemweleza hapa Ikwiriri ananitazama kwa huruma, na huruma za watu zimenichosha.

Studio ipo, sikuifunga. Watu bado wanakuja kupiga picha za pasipoti wakiwa wamekunja uso kana kwamba wanapelekwa mahakamani. Mashine ya kuchapa ikigoma naipiga lile kofi ulilokuwa ukiipiga ubavuni, na mara nyingine inakubali. Harusi za Ikwiriri na Kibiti nakwenda. Za huko deltani, za kuvuka kwa mtumbwi, nimezikataa zote. Nawaambia siku hiyo nina kazi nyingine. Ukweli ni kwamba siwezi. Nikiona maji yaliyotulia, hata yale yanayosimama kwenye majaruba ya mpunga, mwili wote unanisisimka. Naoga kwa kopo, na kabla sijatia mkono ndani ya beseni naliangalia mpaka chini. Siku moja Mama alinikuta nimeliinamia beseni hivyo. Alilichukua kopo akanimwagia maji mgongoni, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo.

Namna ulivyoondoka unaijua wewe. Mimi najua tulivyosimuliwa. Ulikwenda Mohoro kupiga picha za harusi, ukalala kwa wenyeji wako, asubuhi ukashuka mtoni kuosha stendi ya kamera iliyokuwa imejaa matope. Stendi ilikutwa ukingoni imesimama kwa miguu yake mitatu, imetakata. Bi Mwajuma, yule mama mchoma vitumbua wa karibu na msikiti, alikuwa jirani yako akisugua masufuria. Yeye ndiye aliyepiga yowe. Na ndiye aliyekuja matangani, akakaa na Mama mkekani, akamshika mkono, akamweleza kwamba maji yalipasuka mara moja tu, ukaenda, na mkia wa yule mamba ulipopiga juu aliuona umekatika. "Umebaki kipande," alisema, "kama gogo lililopigwa panga." Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao. Neno lile, kipande, liliniingia na halikutoka.

Vijana wa Mohoro walikupata kesho yake kwenye matete, tukakuleta nyumbani, tukakuzika. Namshukuru Mungu kwa hilo. Wako watu mto uliwachukulia ndugu zao na hawakurudishiwa hata nguo.

Baada ya arobaini yako, askari wa wanyamapori walitega mtego, wakanasa mamba mkubwa chini kidogo ya pale ulipochukuliwa. Watu walitaka auawe palepale. Lakini Bwana Athumani, mwenye ile bustani ya wanyama ya kule nje ya Kibiti, aliomba apewe, akafuata vibali, akapewa. Wakampitisha hapa Ikwiriri juu ya lori, amefungwa kamba na kufunikwa turubai, kichwa tu ndicho kilichoonekana. Barabara nzima ilisimama. Mama alitoka na kanga kichwani, akasimama mbele ya watu, akalitazama lile lori mpaka likaishia kwenye vumbi. Akasema, "Alhamdulillah. Hatamla tena mtoto wa mwenzangu." Jioni hiyo alikula. Usiku alilala, na mimi niliyekuwa nimezoea kumsikia akigeukageuka kitandani niliogopa ule ukimya, nikaenda kumsikiliza kama anapumua.

Kutoka siku hiyo Mama alianza kurudi katika hali yake. Na watu wa Mohoro nao walirudi. Pampu ya kisima chao ilikuwa imeharibika, kwa hiyo walikuwa wakishuka mtoni kwa woga, wengi wengi, huku mmoja akipiga bati kumfukuza mamba. Lori lilipopita wakaacha mambo ya bati. Mamba wao si amekamatwa?

Sasa sikiliza. Mwanzoni mwa kiangazi Bwana Athumani alikuja studio mwenyewe. Alitaka picha za wanyama wake wote, atengeneze bango kubwa la barabarani, maana mabasi yanapita pale na hakuna anayejua kama ndani kuna fisi na mbuni. Alieleza yote hayo, kisha akavua kofia akaishika mkononi.

"Na yule mamba pia, dada Tunu. Ukiona huwezi, niambie tu. Nitamwita mtu kutoka Dar."

Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshaamua kukataa. Lakini Mama alipolisikia jambo hilo aliniita uani.

"Nenda," aliniambia. "Kamwone alivyofungwa. Mimi nilipomwona kwenye kamba roho yangu ilitua. Na wewe yako itatua."

Nikaenda. Bustani iko ndani ya mikorosho, vizimba vimepangwa chini ya vivuli, na harufu ya mavi ya nyani inakupokea kabla ya mlinzi. Nilifanya kama ulivyonifundisha tulipokuwa tukiwapiga picha tumbili wa nyuma ya soko. Nilisogeza lenzi mpaka ikagusa wavu wa chuma ili wavu upotee, nikasubiri jicho. "Mnyama bila jicho ni ngozi tu," ulikuwa ukiniambia. Nyani dume alinipa jicho moja la dharau. Fisi alikuja kuinusa lenzi, akaacha mvuke juu ya kioo, na nikajikuta nacheka peke yangu. Chatu alikuwa amelala amejikunja, sikuwa na la kumngoja. Mbuni ndiye aliyenisumbua, maana kila nikilenga anageuza shingo. Asubuhi yote ile, Kaka, nilikuwa sijambo. Nilidhani Mama kasema kweli.

Bwawa la mamba liko mwisho. Wamejenga ukuta wa saruji unaofika kiunoni, juu yake wavu, ndani maji ya kijani. Hakukuwa na kitu. Maji tu, na majani makavu ya mkorosho juu yake.

"Watu wakiwepo hatoki," Bwana Athumani aliniambia. "Tangu aje, wageni wanaona pua na macho, basi. Simama mbali, ukae kimya, jua likipanda atatoka."

Nilisimamisha stendi yako mbali, nikafunga lenzi ndefu, nikangoja. Nilikuwa nikijisomea moyoni dua nilizozikumbuka. Kisha nikaona jani moja juu ya maji linasogea, na upepo haukuwepo. Halafu kichwa kikaja ukingoni, na baada ya kichwa mwili ukafuata bila sauti yoyote. Sikutegemea asiwe na sauti. Mnyama mzito kiasi kile, na hakutoa hata mlio wa tone. Nilifikiri, ndivyo alivyokujia.

Nilifumba macho. Kidole kilikuwa kwenye kitufe na kikabaki pale, kamera ikapiga, ikapiga, kama cherehani. Nilipofumbua nilikuwa nimekaa chini kwenye majani, na bwawani hakukuwa na kitu tena. Bwana Athumani alinikimbilia na chupa ya maji. Niliyatazama yale maji ndani ya chupa, nikashindwa kuyanywa.

Kesho yake mchana nilirudisha mlango nusu, nikawasha kompyuta, nikaanza kusafisha picha. Nilianza na zile nyepesi. Kwa nyani kulikuwa na nyaya chache zilizobaki begani, nikazifuta moja moja nikijaza manyoya kutoka upande wa pili, mpaka ukimwona utadhani yuko porini. Bwana Athumani ndivyo alivyotaka. Mbuni nikampunguzia mwanga mkali, chatu nikamrudishia rangi. Mamba nilimwacha. Nilitoka nje nikanunua muwa, nikarudi, nikautafuna wote. Ndipo nikafungua.

Nyingi hazikufaa. Ukuta, anga, ukungu. Moja tu ndiyo iliyotulia. Kichwa na mabega viko juani, kila gamba linaonekana, lakini kutoka kiunoni kwenda nyuma ni kivuli cha ukuta, cheusi. Nikaona picha ya bango haiwezi kuwa nusu mnyama. Nikaanza kuinua mwanga kwenye kivuli, kidogokidogo kama ulivyokuwa ukinionya ili picha isiharibike. Giza likafunguka. Nikaona nyonga. Nikaona mguu wa nyuma, na vidole. Nikaona mkia unaanza, mnene, na safu mbili za magamba yaliyosimama. Niliendelea kuinua. Safu mbili zikaungana zikawa moja, na mkia ukaendelea, ukaendelea, ukipungua unene, mpaka kwenye ncha nyembamba iliyolala juu ya jani la mkorosho.

Mkia mzima, Kaka.

Niliondoa mkono kwenye kipanya kama mtu aliyeungua. Nikafungua zile picha mbovu, nikatafuta mkia ndani ya ukungu. Ni ule ule, mrefu. Nikampigia simu Bwana Athumani, nikamuuliza kama mkia wa yule mamba ulikuwa umekatika alipofika ukaota tena, kama wa mjusi. Alidhani namtania.

"Mamba si mjusi, dada. Alivyokuja ndivyo alivyo."

Nilikata simu. Nje watu walikuwa wanauza na kununua, mtu anaita abiria wa Kibiti. Nami nilikuwa nimeukumbatia mkoba wa kamera kifuani kama mtu aliyeona mwizi. Saa ile yule wa kwenye picha hakunitisha. Nilichokuwa nakiona ni Mohoro, saa kama ile, jua limepoa, wanawake wameshuka na ndoo na nguo na masufuria, maji yamewafika magotini, wanapiga soga, na hakuna hata mmoja anayepiga bati.

Sikumwambia Mama. Nilichapa ile picha, asubuhi nikapanda gari mpaka Mohoro. Bi Mwajuma alikuwa kwenye jiko lake. Alipangusa mikono mafuta, akaipokea picha, akaipeleka mbali na macho kisha karibu. Alikipitisha kidole juu ya mkia wote mpaka mwisho.

"Siye," alisema.

"Una hakika, Bi Mwajuma?"

"Nilisema tangu siku ile, mwanangu. Wakaniambia hofu imenitia kiwi cha macho. Na mimi nikatamani wawe wamesema kweli. Lakini mtoni sijashuka tena, maji nanunua kwa mwenye baiskeli."

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Si mtu mbaya, alinipa kiti, aliuliza hali ya Mama. Aliitazama picha, akanirudishia.

"Dada, watu wametulia sasa hivi. Unataka niwatie hofu upya kwa picha ya kwenye kompyuta? Siku hizi mnaweza kumwekea hata mbuzi mkia wa mamba."

Nilishuka mpaka karibu na mtoni, nikasimama juu kabisa pale njia inapoanza kuteremka, sikuthubutu kushuka zaidi. Niliwaita wanawake waliokuwa wanapanda na ndoo, nikawaonyesha. Mmoja wao, kijana kama mimi, alicheka, si kwa ubaya. "Hii umeitengeneza, dada. Harusi yangu mwenyewe ulinitoa madoa yote usoni." Wenzake wakacheka, wakapita. Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Jana yake tu nilikuwa nimemtoa nyani kizimbani kwa kipanya. Nilisimama na karatasi yangu, na nyuma yao niliuona mto, umetulia, unang'aa, hauna hata jani linalosogea.

Ikabidi nimwambie Mama.

Hicho ndicho kilichonitia hofu kuliko bwawa. Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa ameanza kunenepa tena kidogo usoni. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, nikampa picha. Aliitazama muda mrefu. Hakuuliza ni nini. Nadhani neno la Bi Mwajuma lilikuwa limemkaa na yeye pia, ila alilifunika.

"Umeigusa?"

"Nimeongeza mwanga tu, Mama. Wallahi."

Alirudisha macho kwenye mchele, akatoa jiwe, akatoa lingine. "Basi mnyama wa watu nimemlaani bure," alisema. Kisha akauliza, "Na yule mwingine yuko wapi?"

"Mtoni."

"Na watu wanashuka?"

"Wanashuka, Mama."

Aliweka ungo chini. "Kesho unanipeleka."

Unajua Mama hakuwahi kukanyaga Mohoro tangu siku yako. Tulipokuwa tunateremka alinishika mkono juu ya kiwiko kwa nguvu mpaka nikaona alama baadaye. Sijui nani alikuwa anamshikilia mwenzake. Niliogopa ataanguka. Niliogopa atapiga yowe. Niliogopa, Mungu anisamehe, atatembea moja kwa moja mpaka ndani. Alisimama mahali ardhi inapoanza kulowana. Wanawake walikuwa wengi siku ile, wengine wamekaa kabisa ndani ya maji.

"Mimi ni mama yake Shabani," alisema.

Hakupaza sauti, lakini kila mmoja alisimama. Yule aliyenicheka alikuwepo, akajifunga kanga vizuri.

"Mimi nimelala vizuri tangu lile lori lipite. Nimekula, nimecheka na majirani. Leo nimekuja kuwaambia mlivyofanya nyinyi ndivyo nilivyofanya mimi. Tumedanganyika wote. Aliyemchukua mwanangu hakupita juu ya lori. Yumo humu." Akaunyooshea mto kidole. "Sina mtoto mwingine wa kiume wa kuwapa kama ushahidi. Tokeni."

Nilikuwa na ile picha kwenye mkoba. Hakuna aliyeiuliza. Mwanamke mmoja mzee alianza kutoa masufuria yake, moja baada ya moja, akiyapanga mchangani taratibu, na macho yake yote yako kwenye maji. Halafu wakatoka wote. Nakumbuka sauti ya miguu ikitoka majini, na baada ya hapo sisi sote tumesimama juu tunayatazama maji yaleyale ambayo kabla ya hapo yalikuwa ya kufulia.

Kaka, nikueleze na mengine yaliyofuata. Mtendaji alikuja kwa Mama kuomba radhi, akawaita askari wa wanyamapori, mtego ukarudishwa. Bado haujashika kitu. Wanaume walikata miti, wakasimika nguzo ndani ya maji kuzunguka mahali pa kuteka maji, zimekaribiana kiasi kwamba mguu wa mtu haupiti. Mvunaji mmoja wa matete alirudi siku moja bila mzigo wake, akasema ameona mamba kwenye fungu la mchanga, mkia umekatika, amekaa tu anaota jua. Alipouliza watu kama wanamwamini, hakuna aliyecheka.

Bwana Athumani nilimpelekea picha zake zote. Nilipomweleza akasema, "Kumbe huyu amefungwa kwa kosa la mwenzake." Kwenye bango ameandika mamba wa Rufiji, basi, ingawa najua alitaka kuandika mla watu. Nilikwenda tena bwawani siku ile. Nilikaa mpaka akatoka, na nikamtazama kwa macho yangu, bila kamera. Bado namwogopa. Ila sikumchukia, na nilishindwa kujua chuki yangu niipeleke wapi sasa.

Mama halali tena kama zamani. Hilo limetokana na picha yangu, na sina namna ya kulirekebisha. Nimehamishia kitanda changu chumbani kwake. Mvua ikinyesha anakaa kitako, ananiuliza kama nadhani maji yamepanda juu ya nguzo. Namwambia bado. Sijui kama yamepanda au hayajapanda. Mimi mwenyewe nikilala naota jani linasogea.

Sitakudanganya kwamba hofu imepungua. Imekuwa kubwa zaidi, kwa sababu zamani ilikuwa na mahali pake, kwenye bwawa la saruji, na sasa ina mto mzima. Lakini kuna jambo moja naweza kulifanya. Miti ndani ya maji inaoza chini kwanza, juu haionyeshi. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi naahidi nitakwenda Mohoro, nitashuka ule mteremko mpaka mwisho, nitapiga picha kila nguzo pale inapoingia majini, nitarudi kuzikuza kwenye kompyuta na kuzitazama moja moja. Nikiona iliyolegea nitawapigia simu siku hiyohiyo, na sitaongeza wala kupunguza kitu kwenye picha zile. Mara ya kwanza nimeshakwenda. Nilishika kamera kwa mikono miwili na picha za mwanzo zote zilitikisika. Nikazirudia.

Nguzo ya tatu kutoka kushoto haikunipendeza. Wameibadilisha.

Pumzika, Kaka. Allah akurehemu, akulaze mahali pema. Kesho ni siku ya kwenda tena.

Mdogo wako,
Tunu